Springi Hazinyanyui Difu

Tangu mvua za Novemba zianze, wateja wanne wamekwisha kuniletea maneno yale yale, na wa nne ndiye aliyenisukuma kuandika: "Fundi, nimepata gari la fowili kwa bei ya kutupa, wewe ninyanyulie tu, mengine nitayaona mbele." Anayesema hivyo huwa amekwisha kulipa. Hapo ndipo uvumilivu wangu unaponiishia, kwa sababu habari ya kunyanyua ilipaswa kuzungumzwa kabla ya fedha kutoka mfukoni, na siyo baada ya gari kuegeshwa chini ya mwembe wangu hapa Tabora likivuja mafuta.

Imani iliyojificha ndani ya maneno hayo ni kwamba springi ndefu huliweka gari juu, na gari lililo juu halikwami. Sehemu ya kwanza ni kweli nusu. Sehemu ya pili imewalaza watu porini.

Mteja huyo wa nne hununua asali na nta upande wa Sikonge, na alikuwa amepata Land Cruiser ya zamani yenye ekseli nzima mbele na nyuma, yaani chuma kimoja kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Niliona maneno hayatasaidia. Nikapanga matofali mawili ya kuchoma, moja juu ya jingine, chini ya difu la nyuma, lile tumbo la chuma katikati ya ekseli lenye gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, na kati ya tofali la juu na chuma pakabaki nafasi ya vidole viwili. Kisha nikaweka jeki kwenye chesisi na kuipandisha polepole hadi bodi ikainuka kiasi cha milimita 80, matairi yakiwa bado yamekanyaga ardhi, nikamwambia apitishe vidole tena. Vikapita viwili vile vile. Alichuchumaa pale muda mrefu, akatazama upande wa pili, halafu akaniomba nibadilishe matofali, kana kwamba kosa lilikuwa la matofali.

Kwenye gari la ekseli nzima, difu limo ndani ya ekseli, ekseli imeshikwa na magurudumu, na springi zimekaa juu ya ekseli. Ukirefusha springi unasukuma chesisi na bodi kwenda juu, lakini difu linabaki pale pale lilipoachwa na kiwanda. Kinachonyanyua difu ni tairi peke yake, tena kwa nusu tu ya ongezeko la kimo chake, kwa kuwa ekseli iko katikati ya duara. Tairi la 215/80R16 lina kimo cha karibu milimita 750, na la 235/85R16 lina karibu milimita 806. Tofauti ni milimita 56, kwa hiyo difu linapanda milimita 28. Hicho ndicho ulichonunua, na kwa kweli si haba, kwa sababu katika njia za mbuga zilizochimbwa na malori ya tumbaku, tuta la katikati huanza kukwangua difu kabla ya kitu kingine chochote.

Sisemi kwamba springi ndefu hazina kazi. Zinainua tumbo la gari, tangi, sailensa na bampa, zinakupa pembe nzuri zaidi ya kuingilia na kutokea korongoni, na zinatoa nafasi ya kulitia tairi kubwa bila kusugua bodi. Kwa mpangilio huo, tairi ndilo linaloamua na springi inalifuata. Wateja wangu huja na mpangilio uliopinduliwa: wameweka spesa, yaani vipande vya kuongeza kimo, za milimita 50 juu ya koili (springi za kuzunguka) na kuacha matairi ya zamani, wakapata gari refu lenye difu fupi, ambalo sasa linapinduka kwa urahisi zaidi kwa kuwa uzito umepanda juu.

Kuna magari yanayoniharibia kidogo somo la matofali, nami nitayataja kabla msomaji mmoja hajaniandikia. Prado za kuanzia 1996 na Hilux nyingi za baada ya 1997 zina miguu ya mbele inayojitegemea, kila gurudumu likipanda na kushuka peke yake, na difu lao la mbele limefungwa kwenye chesisi. Hayo ukiyanyanyua kwa springi, difu la mbele linapanda kweli. Gharama yake inahamia kwenye shafti za mbele, ambazo sasa zinazunguka zikiwa zimepinda zaidi kuliko zilivyokusudiwa, mipira yake inapasuka, grisi inatoka, mchanga unaingia, na baada ya hapo ni kelele za ka-ka-ka kila ukikata kona. Nyuma bado ni ekseli nzima, kwa hiyo matofali yangu yanarudi kazini.

Basi, ukitaka kununua gari la zamani kwa nia ya kulinyanyua, anza kwa kuuliza kama lina gia ndogo, ile ya ziada ya kutambaa polepole kwa nguvu nyingi. RAV4 haina, X-Trail haina, CR-V haina, na hakuna springi duniani itakayowapa. Ni magari mazuri ya kwenda kazini. Kwa wanaopenda ekseli nzima mbele na nyuma, zipo Land Cruiser za 70 na 80, Nissan Patrol na Land Rover Defender za zamani, na Jimny kwa wenye mizigo midogo na subira na usukani unaotetemeka. Prado yenye injini ya 1KZ ikaguliwe silinda hedi kwa fundi asiyemjua muuzaji, kwa sababu hedi hizo zina sifa ya kupasuka. Na tafadhali, herufi ya namba isikudanganye: gari la namba D linaweza kuwa limetengenezwa mwaka mmoja na gari la namba A, kwa kuwa herufi inasema liliposajiliwa nchini na haisemi lilipozaliwa.

Chesisi ndiyo ningependa uitazame hadi muuzaji achoke. Lala chini na bisibisi na nyundo ndogo. Gonga kila shubiri moja, hasa pale chesisi inapopinda kupita juu ya ekseli ya nyuma na pale springi zinaposhikiliwa. Chuma kizima kinalia, na chuma kilicholiwa kinajibu kama boksi la karatasi. Rangi nyeusi mpya chini ya gari la miaka 25 inanitia wasiwasi kuliko kutu yenyewe, kwa sababu kutu huonekana na rangi huficha. Magari yaliyotumika kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, huja na ugonjwa huo tangu bandarini, na lililobeba chumvi ya Uvinza kwa miaka mingi linaweza kuwa na hali hiyo hiyo bila kuvuka bahari. Springi mpya na ngumu huongeza kishindo mahali hapo hapo palipooza.

Nilipoanza kazi hii nililinyanyua gari langu mwenyewe, la koili mbele, kwa milimita 100, kwa kuwa nilikuwa kijana na lilipendeza. Nikaelekea Urambo. Usukani ulikuwa haurudi wenyewe baada ya kona, gari likatangatanga barabarani kama mtu anayetafuta nyumba usiku, na hosi ya breki ya mbele ilikuwa imekaza kama uzi wa gitaa kila gurudumu liliposhuka shimoni. Nilikuwa nimeivuruga pembe ya kasta, yaani mwegamo ule unaolifanya gurudumu la mbele lijinyooshe. Tangu hapo nawaambia watu wasizidi milimita 50 bila kubadilisha bushi za kurekebisha kasta na kurefusha hosi. Mkiniuliza hiyo 50 nimeipimaje, sikuipima. Niliirithi kwa mafundi walionitangulia, na bado haijaniaibisha.

Spidomita nayo itadanganya: kwa matairi yale ya 806, ikikuonyesha 80 unakwenda 86 hivi. Gia zote zitakuwa kama zimerefuka, na injini ya dizeli isiyo na turbo italalamika kwenye mchanga.

Jambo ambalo sijaliamua hadi leo ni upana wa tairi kwa udongo wa mbuga, ule mweusi wa mfinyanzi. Jembamba hukata tope na kutafuta ardhi ngumu chini, na kwenye njia nyingi za miombo hilo hutosha. Lakini mbuga nyeusi mara nyingine haina ardhi ngumu ya karibu, na hapo nimeliona jembamba likizama hadi difu likalala juu ya udongo, huku gari la matairi mapana likipita kando yake kwa kuteleza. Wiki iliyofuata, mahali pale pale, mvua ikiwa imeongezeka, lile la matairi mapana ndilo lililovutwa kwa trekta. Kwa sasa natumia 235/85 na koleo mbili, na yule mteja wa asali amefunga kama hayo, springi zake zikiwa zile zile za kiwandani.