Magazini za bunduki za easofti: ya kijiweni na ya mezani

Idd ikifika, watoto wa Mikindani wanamaliza sikukuu yao kwenye bastola za plastiki zinazopiga gololi ndogo za njano. Asubuhi zinalia kila uchochoro. Ikifika Maghrib nusu yake hazipigi, na mimi mwenye cherehani barazani nageuzwa fundi wa silaha. "Mjomba, magazini imekufa," wanasema, yaani kile kikasha cha kuchomeka kinachobeba gololi. Nafungua kwa bisibisi ya kichwa cha cherehani, nagonga mezani, unatoka mchanga. Gololi zimeokotwa chini zikarudishwa na mchanga wake, basi.

Bastola hizo ni wadogo zake easofti, mchezo wa watu wazima wa kuviziana porini au kwenye magofu kwa bunduki za kupiga gololi za plastiki za milimita 6. Ulianzia Japani, nchi ambayo raia kumiliki bunduki ya kweli ni shughuli pevu, na mwaka 1991 kampuni ya Tokyo Marui ikatoa ya kwanza ya kuendeshwa kwa mota na betri iliyotamba sokoni, yenye umbo la FAMAS, bunduki ya jeshi ya Kifaransa. Mimi niliukuta Durban, nilipokuwa kwenye karakana ya kutengeneza vitu vidogovidogo. Wachezaji walikuwa wanatuletea bunduki Jumatatu, na mara nyingi walikuwa wameshahukumu kuwa magazini ndiyo mbovu.

Tangu nirudi, vijana wa Mtwara mjini wenye ndugu nje wananiuliza waagize magazini ipi. Kabla ya yote: kitu chochote kinachofanana na bunduki, pita kwanza kituo cha polisi uulize. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na sheria haitafsiriwi kijiweni. Sasa tuje kwenye maneno yenyewe, yale ya kijiweni, na mezani kwangu yanavyoonekana.

"Inayobeba nyingi ndiyo yenyewe"

Hili ndilo la kwanza kwa kila mgeni, na ndilo linalokula hela za watu. Magazini ya bunduki ya umbo la M4, ile ya jeshi la Marekani, inayobeba gololi 300 na zaidi ndani yake ina tangi. Gololi unazimwaga humo kama korosho kwenye gunia, halafu chini kuna gurudumu la meno unalolikaza kwa kidole. Gurudumu hilo ndilo linalozisukuma moja moja kupanda juu. Ukisahau kukaza katikati ya mchezo, bunduki inalia vizuri kabisa na haitoi kitu. Ukikaza kwa hasira, meno yanakatika, maana mengi ni ya plastiki. Tena ukikimbia zinacheza ndani kama manyanga ya ngoma, na adui amejibanza nyuma ya mti anakusikia unavyokuja.

Ile ya kati, ya gololi kama 100 au 120, haina tangi. Ina mfereji mmoja mwembamba unaojikunja kama utumbo, na springi ndefu nyuma ya gololi. Springi inasukuma muda wote. Hakuna kukaza, hakuna kelele. Niliyoyafungua mezani yananiambia kwamba kitu chenye sehemu chache kina machache ya kuharibika. Ndogo zaidi zipo, za gololi 30 kama bunduki ya kweli, lakini hizo ni za wanaopenda uhalisia kuliko ushindi.

Simkatazi mtu kununua ya tangi. Kwa mgeni mwenye hela ya magazini moja tu, afadhali hiyo kuliko kuishiwa dakika ya tano. Lakini mwenye sita za kati, moja ikimfia bado ana tano.

"Chuma hakifi"

Niliwahi kuamini hivyo, kwa sababu mafundi tunapenda uzito mkononi. Fungua ya chuma uone: chuma ni koti tu. Mfereji, gurudumu na mdomo unaotoa gololi, kwa kawaida vyote ni plastiki sawa na vya mwenzake. Koti likiangukia jiwe linabonyea kuelekea ndani na kubana mfereji, na plastiki nzuri ikianguka vilevile inaruka na kurudi ilivyokuwa, japo ya bei ya chini hupasuka pembeni. Na kwa sisi tunaokaa na upepo wa bahari, ambao hata mabati ya nyumba tunayahesabia miaka, nani anataka kitu kingine cha kupigania na kutu?

Ukishika magazini dukani, usiigonge ubavu. Angalia mdomo. Kama kingo zake ni laini, hazina vinyuzi vya plastiki vilivyobaki kiwandani, na kile kizuizi kidogo kinarudi chenyewe ukikibonyeza, hapo kuna mazungumzo.

"M4 ni M4"

Fundi cherehani yeyote wa soko la Chikongola atakwambia kuhusu kasha la bobini. Mawili yanafanana kama pacha, moja linashona, la pili linakata uzi. Magazini nazo ni hivyohivyo. Umbo la M4 linatengenezwa na viwanda vingi, kila kimoja na vipimo vyake, na tofauti ya milimita moja kwenye tundu la kushikia inatosha mdomo wa magazini usiufikie mlango wa chemba, pale gololi inapokaa kabla ya kufyatuliwa.

Kipimo chake ni chepesi. Chomeka, piga. Isipotoa, isukume juu kwa kiganja huku ukipiga. Ikianza kutoa na ukiachia inakata, magazini inakaa chini mno, na haina ubovu wowote. Haijapatana tu na bunduki yako. Ikiwa inayumba kushoto na kulia, mzunguko mmoja wa tepu ya umeme mwilini huwa unatosha. Ndiyo maana namwambia kila anayeagiza kwa shemeji yake: moja kwanza. Ikikubali, ndipo uagize pakiti.

"Imekwama, basi magazini ni mbovu"

Bwana mmoja Durban alituletea mfuko wa magazini sita. Anataka zitupwe, ameshanunua mbili mpya na zenyewe zinakwama. Bosi akanipa mimi, kwa kuwa nilikuwa mgeni. Nikazimwaga gololi zote kwenye sahani, nikachukua kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Gololi nzuri ya "milimita 6" kwa kweli ni 5.95, na ikipishana isizidi 0.01 hivi. Zake nyingine zilipita 6 kabisa.

Zilikuwa zile za kuoza zenyewe ardhini, zinazotengenezwa kwa plastiki ya mimea. Hizo zinanywa unyevu. Pakiti alikuwa ameifungua miezi mingi nyuma, akaiacha kwenye buti la gari, na Durban kuna joto la unyevu kama huku kwetu. Zimevimba. Nikajaza pakiti mpya, magazini zote sita zikapiga hadi mwisho. Yule bwana alikaa kimya kidogo, halafu akauliza kama tunanunua magazini mbili zilizotumika.

Nchi ambayo masika chumvi ya mezani inageuka tope, gololi za namna hiyo zifungiwe kwenye kopo lenye mfuniko wa kukaza, na utoe za siku hiyo tu. Na zilizoanguka hazirudi ndani, hata kama zimeng'aa. Wale watoto wa Idd wameshatufundisha.

"Zinabaki mbili tatu, ina kasoro"

Haina. Kisukumio kinaishia mdomoni mwa magazini, hakiingii kwenye chemba, kwa hiyo gololi za mwisho hazina wa kuzisindikiza. Ukiichomoa zinadondoka.

"Mafuta ni mafuta"

Hapa mkosaji ni mimi. Mwezi wangu wa kwanza nilitia mafuta ya cherehani kwenye magazini ya mtu, kwa ukarimu kabisa. Wiki iliyofuata ilirudi imejaa uji mweusi wa vumbi. Ya springi inataka tone moja la silikoni, tena ukilisahau haijalishi sana. Ya gesi, ya zile bunduki zinazosukuma gololi kwa gesi badala ya mota, ndiyo hatari zaidi, kwa sababu ina oringi, pete za mpira, kwenye vali, na mafuta yatokanayo na petroli huweza kuulegeza mpira na kuuvimbisha. Oringi ikivimba gesi inavuja, na unaisikia: tssss, kama jiko la gesi lililofungwa vibaya.

"Iweke imejaa, itakuwa tayari"

Ya springi iweke tupu. Springi ya bei nafuu ikibanwa wiki kwa wiki inachoka, na gololi za juu zinaanza kupanda kwa uvivu. Ya gesi ni kinyume: toa gololi, acha gesi kidogo ndani, ile presha inazishikilia oringi mahali pake. Kidogo, nimesema. Gesi wanayoiita ya kijani kwa msingi wake ni propani na mafuta kidogo ya silikoni. Kwa nyuzi 20 presha ya propani inazidi baa 8, na kwa nyuzi 40 inapita 13. Ukiiacha magazini iliyojaa juu ya dashibodi ya gari adhuhuri, presha inaweza kupanda hadi nyundo ya bunduki ishindwe kuifungua vali. Watu wanaiita mbovu, kumbe ingewekwa kivulini robo saa tu. Kinyume chake kipo pia: ukipiga mfululizo, gesi ikigeuka kuwa hewa inaipoza magazini hadi unaihisi mkononi, presha inashuka, na gololi zinaanguka karibu. Huko kwenye baridi wanalia sana na hilo. Mtwara tungelia na la kwanza.

"Ukichomoa magazini, bunduki ni tupu"

Nimeliweka mwisho lakini ndilo ninalolirudia kwa sauti. Gololi moja huwa imeshaingia kwenye chemba kabla hujachomoa, nayo haitoki na magazini. Macho hayana spea. Miwani ya kinga haivuliwi mpaka umechomoa, umeelekeza mtutu chini na kufyatua mara mbili tatu.

Siku niliyojifunza hilo nilikuwa nimechomoa magazini, nimeiweka mezani, nimeikagua kwa fahari mbele ya mteja. Nikanyanyua bunduki kuelekea ukutani kumwonyesha jinsi kifyatulio kilivyo laini. Saa ya ukutani ya karakana ikapasuka kioo, kwenye namba nne. Bosi hakusema neno. Alikata thamani ya kioo kwenye mshahara wa mwezi ule, na saa akaiacha pale pale na ufa wake mpaka naondoka.