Kitambaa Kisichofuata Upepo: Bango Lilikotoka na Linavyotumika Leo

Mtu asiye na msimamo tunamfananisha na bendera: hufuata upepo. Sisi tunaohifadhi nguo za kale katika makumbusho huikumbuka methali hiyo kila tunapokunjua kitambaa cha zamani, maana ina ukweli wa kifundi. Bendera hushonwa ili ichezeshwe na upepo, na hata ikijikunja, rangi zake zinatosha kuitambulisha. Bango la kitambaa limebeba picha au maneno, na lisipotandazwa likasomeka, ni nguo tu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya ufundi wa mabango, tangu kale, imekuwa ni kupambana na upepo.

Silaha ya kwanza ilikuwa ufito uliolazwa juu, kitambaa kikaning'inia chini yake. Mwaka 1972, huko Mawangdui nchini China, kaburi la mwanamke mwenye cheo aitwaye Xin Zhui lilitoa bango la hariri la karne ya 2 kabla ya Kristo, lenye urefu wa zaidi ya mita 2. Limechorwa mbingu, dunia na kuzimu, na juu yake kuna ufito wa mwanzi na kamba ya kulitundikia. Warumi nao walikuwa na vexillum, kitambaa cha mraba kilichoning'inizwa kwenye ufito uliofungwa kwa kukingama juu ya mkuki. Ninachojua kimebaki kimoja tu, kitani chenye picha ya mungu wa kike wa ushindi. Kilipatikana Misri na sasa kimo katika Makumbusho ya Pushkin, Moscow. Kina upana wa nusu mita hivi. Kwa kitu kilichokusudiwa kuongoza askari vitani, udogo huo hunishangaza kila mara.

Wajapani waliongeza jambo la busara. Bango lao la nobori, lililoenea katika vita vya karne ya 15 na ya 16, ni refu na jembamba, na limefungwa kwa vitanzi pande mbili: ubavuni kwenye mlingoti na juu kwenye ufito mfupi. Likishikwa hivyo linasomeka hata siku isiyo na upepo kabisa.

Kwangu mimi, hata hivyo, karne ya 19 ndiyo yenye utajiri mkubwa, kwa sababu hapo bango lilitoka mikononi mwa wafalme na majemadari likaenda kwa wafanyakazi. Mwaka 1819, wakati wapanda farasi wenye silaha walipouvamia mkutano wa watu waliodai haki ya kupiga kura huko Manchester, Uingereza, mabango yalikuwa miongoni mwa vitu vilivyolengwa. Bango moja la hariri ya kijani, lililobebwa na watu wa Middleton, mji ulio karibu na Manchester, lilinusurika na lipo hadi leo. Baadaye, kuanzia 1837, George Tutill alifungua karakana iliyokuja kuwashonea mabango vyama vingi vya wafanyakazi. Mengi yalikuwa na upana wa zaidi ya mita 3. Kwa kila bango, watu wawili walishika milingoti, na wengine mbele na nyuma wakavuta kamba ili upepo usiliangushe. Mwaka 1861 Tutill alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya kupaka hariri mpira kabla ya kuichora, rangi isipasuke kitambaa kinapokunjwa.

Wanawake waliodai kura walichukua njia tofauti. Kwa maandamano ya London ya tarehe 13 Juni 1908, Mary Lowndes na wenzake walibuni mabango ya kushonwa na kutariziwa, mengine yakiwa na majina ya wanawake mashuhuri kama mwanasayansi Marie Curie. Kazi ya sindano, iliyodharauliwa kuwa ya nyumbani, ikaingia barabarani. Nchini Marekani, kuanzia 1936, chama cha NAACP, kinachotetea haki za Wamarekani weusi, kilitundika nje ya ofisi yake New York kitambaa cheusi chenye maneno matano meupe, kikitangaza kwamba jana mtu ameuawa na genge la watu. Kilishushwa 1938, chama kilipotishiwa kupoteza ofisi yenyewe.

Bango la leo aghalabu ni plastiki ya PVC iliyochapwa kwa printa kubwa, na jina lake limehamia hata kwenye intaneti: tangazo la ukurasa wa wavuti lililotokea Oktoba 1994. Upepo, hata hivyo, haujabadilika. Kasi yake ikiongezeka maradufu, nguvu yake huwa mara nne. Bango la mita 4 kwa 1 likipigwa na upepo wa kilomita 54 kwa saa husukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa zaidi ya kilo 50. Wengi hulikata matundu ya nusu duara wakidhani watalisaidia. Nafuu yake ni ndogo, na plastiki huanza kuchanika papo hapo. Afadhali kuchagua turubai la wavu, kukunja pindo mara mbili, na kufunga kamba katika kila pete. Kuhusu herufi, kadiria kimo cha sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali wa msomaji. Ukishalitumia, usilichome: PVC ikiungua hutoa gesi ya asidi inayodhuru mapafu. Shona mifuko au ezekea banda.

Ikiwa chama chenu, shule au kanisa lina bango la zamani la nguo, tafadhali msilikunje. Mikunjo ndiyo inayoivunja hariri, hasa ya mwishoni mwa karne ya 19, ambayo watia rangi waliiongezea chumvi za bati ili iwe nzito, na sasa inapasuka kama jani kavu. Livingirisheni kwenye bomba pana, upande uliochorwa ukitazama nje, na kati ya tabaka muweke karatasi laini isiyo na asidi. Lisioshwe, lisipigwe pasi, lisianikwe juani. Na bombani mfunge kipande cha kitambaa chenye majina ya walioshona na mwaka, yaandikwe kwa penseli, kwa sababu wino huvuja.