Meli iliyojifanya kisiwa: haikusafiri mchana

Ujumbe wenye picha ya meli iliyofunikwa miti unazidi kuzungushwa kwenye magrupu. Unadai kwamba mwaka 1942 meli ya Uholanzi ya kutegua mabomu ya baharini, Abraham Crijnssen, ilipita mchana kweupe katikati ya meli za Wajapani kama kisiwa kinachotembea, kisha ikazama.

Picha ni ya kweli. Maneno yake ndiyo yamepotoka, na hapo ndipo wengi hunasa: wakishaiamini picha, hawahoji maelezo.

Baada ya Uholanzi na washirika wake kushindwa na Wajapani katika vita vya Bahari ya Java, kwenye Indonesia ya leo, mabaharia walikata matawi visiwani, wakaifunika meli, na sehemu zilizobaki wazi wakazipaka rangi ya mwamba. Mchana ilitia nanga karibu na ufuo, kimya. Usiku tu ndipo ilipong'oa nanga. Na ni lazima iwe hivyo, maana rubani wa ndege akiona kisiwa kinaelea kwa kasi atashuka kukitazama! Machi 20, 1942 ilifika Fremantle, Australia. Meli tatu za aina yake zilizokuwa Java hazikuponea.

Haikuzama. Ilitumika katika jeshi la majini la Australia hadi 1943, ikarudishwa kwa Waholanzi.

Kwa hiyo ukiletewa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Andika jina la meli kwenye intaneti, usome kumbukumbu za utumishi wake. Anayefika Uholanzi ataiona yenyewe, imefungwa gatini kwenye makumbusho ya Den Helder.