Jike Ndiye Anayebisha Hodi

Nikimwambia mtu wa kwetu kwamba kazi yangu ni buibui, mara nyingi ataniuliza duka liko mtaa gani. Nimezoea. Shangazi yangu wa Lamu alichukua muda kuelewa kwamba nasema yule mwenye miguu minane, si vazi, na alipoelewa akauliza swali ambalo hata waliosahihisha tasnifu yangu hawakuliuliza: "Sasa kule kwenye milima ya mchanga ya Shela, utando ataufunga wapi? Hakuna ukuta, hakuna boriti."

Hafungi, shangazi. Anachimba.

Na kuchimba mchangani ni kazi ngumu. Aliyecheza ufuoni utotoni anajua: unafukua, kuta zinaporomoka, unafukua tena, zinaporomoka tena. Mchanga mkavu hausimami wima. Ukiumwaga unajikalia kwa mteremko wa nyuzi thelathini na kitu, na ukiulazimisha zaidi ya hapo unatiririka kama maji. Lakini shuka chini kidogo utakuta mchanga umepoa na una unyevu, na chembe zake zimeshikana. Watu wa Lamu hawahitaji kufundishwa hili, kwani maji matamu wanayokunywa yanatoka chini ya vilima hivyo hivyo vya Shela.

Kwa hiyo buibui wa mchangani ana mambo mawili ya kufanya. La kwanza, apite ile tabaka kavu ya juu afike penye unyevu. La pili, aipake nyumba lipu kabla haijamwangukia, na lipu yake ni uzi wa hariri anaoutoa mwenyewe tumboni. Anachukua mchanga kidogo, anautoa nje, anarudi, anazungusha nyuzi ukutani, anachukua tena. Ukilifukua shimo lake polepole kwa brashi ya kupakia rangi, mchanga wa pembeni unaanguka na unabakiwa na kitu kama soksi ya mtoto mchanga: mfuko mwembamba wa hariri ulionata chembe kila upande. Ndivyo unavyolitofautisha na shimo la kaa. Kaa huacha lundo la mchanga mlangoni na nyayo zake zimetapakaa. Shimo la buibui ni duara safi, na ukiligusa mdomoni kwa ncha ya jani halibomoki, linanesa.

Faida ya taabu yote hiyo ni kivuli. Saa saba mchana mwenye miguu mitupu huvuka mchanga kwa kurukaruka, ilhali sentimita chache chini yake kiumbe amelala kwenye ubaridi. Upepo ukivuma, chembe zinapita juu ya paa lake. Nyigu wanaowinda buibui nao hulazimika kwanza kuutafuta mlango. Shimo kwa buibui wa mchangani ni mtaji, na mimi naamini ukitaka kuelewa jambo lolote katika maisha yake, hata ndoa, uanze kwa kuuliza nani ana nyumba.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko mbali na kwetu, pwani ya Uruguay. Kule kuna buibui-mbwamwitu aitwaye Allocosa senex, ambaye machapisho ya zamani yanamwita Allocosa brasiliensis. Anaishi kwenye vilima vya mchanga na kingo za maji za Uruguay, Argentina na kusini mwa Brazil. Ana rangi ya mchanga wenyewe, nyeupe yenye madoa ya kijivu, na akitulia unaweza kumkanyaga usijue. Mchana yuko chini. Usiku wa kiangazi chao, miezi ambayo kwetu ni kaskazi, hutoka.

Kumpata ni rahisi ukiijua hila: funga tochi kichwani, mwanga uwe usawa wa macho yako. Nyuma ya macho ya buibui-mbwamwitu kuna tabaka linalorudisha mwanga, kama la paka, kwa hiyo kilima chote kinakumetea vitone vya kijani. Mara ya kwanza nilidhani ni umande.

Usiku mmoja wa Januari, pwani ya Canelones, mashariki ya Montevideo, nililala kifudifudi mbele ya shimo moja kwa muda mrefu kiasi kwamba mkono wa kushoto ulikufa ganzi. Ndani, dume. Najua kwa wengi wenu picha ya ndoa za buibui ni moja: jike mkubwa, dume mdogo mwenye hofu anayenyemelea, na mwisho analiwa. Kwa Allocosa senex geuza kila kitu. Dume ni mkubwa kuliko jike. Dume ndiye anayekaa nyumbani. Jike ndiye anayetembea usiku, na akifika mlangoni ndiye anayeanza kubembeleza, anatikisa miguu ya mbele, anaingia nusu, anatoka, anaingia tena. Niliyekuwa namtazama aliganda ukingoni, mguu mmoja hewani, kama mgeni aliyesahau kama hodi amepiga mbili au tatu. Kisha akazama.

Mambo haya yalielezwa mwaka 2007 na watafiti wa Uruguay, Anita Aisenberg, Carmen Viera na Fernando Costa, na sehemu inayonishangaza bado ni ile ya baada ya kujamiiana. Dume anatoka nje. Anaugeukia mlango wake mwenyewe na kuuziba kwa mchanga na hariri, huku jike akisaidia kufunga kwa ndani. Halafu anaondoka. Nyumba imekuwa ya jike. Atatagia humo, atakaa na kifuko chake cha mayai humo, na atatoka wakati wa kuwapeleka watoto wakatawanyike. Dume yuko nje usiku ule ule, hana pa kujificha, na ni lazima achimbe nyingine kabla jua halijapanda.

Nilipomsimulia shangazi alicheka sana. Katika familia za zamani za Lamu binti ndiye aliyepewa nyumba na babake, na mume alihamia kwa mkewe. "Basi huyo wako kafanya kazi ya baba mkwe na ya mume pamoja," akasema. Sijapata maelezo mafupi zaidi ya hayo.

Nyumba ikiwa ghali hivyo, mwenye kuitoa anakuwa mchaguzi. Majike hupendelea madume wenye mashimo marefu, na hilo halishangazi, kwani jike mzima wa aina hii hachimbi nyumba ya maana; anajifanyia kijichumba kifupi cha hariri karibu na uso wa mchanga, cha kupitishia siku. Kulea humo haiwezekani. Lakini dume naye anachagua. Anampendelea jike mwenye afya ambaye hajapandwa. Aliyekwisha kupandwa na dume mwingine, tena amekonda, anaweza kukaribishwa ndani akaliwa. Ndiyo, dume anamla jike. Ukipiga hesabu yake unamwelewa: kazi yote ya kuchimba na kupaka, kisha aikabidhi kwa mayai ya mtu mwingine?

Hapa niwatahadharishe wanaopenda kukimbilia hitimisho kwamba mchanga wenyewe ndio unaogeuza ndoa. Haugeuzi. Nenda Namibia, kwenye bahari ile ya mchanga inayoanzia ufuo wa Atlantiki, ambako kituo cha utafiti cha Gobabeb kimekuwepo tangu mwaka 1962. Kule kuna buibui mkubwa mweupe, Leucorchestris arenicola, mwenye shimo la mshazari lililofunikwa kwa kifuniko cha hariri na mchanga. Kwake mambo ni ya kawaida: jike anatulia kwake, dume ndiye anayezurura usiku kutafuta, anaweza kwenda mamia ya mita, anagongagonga mchanga kwa miguu, na alfajiri anarudi kwenye shimo lake lile lile katikati ya mchanga usio na alama. Namna anavyoipata njia ni habari ya siku nyingine. Kinachonihusu leo ni kwamba pale kila mmoja ana nyumba yake, yenye mlango, inayofaa kulelea. Hakuna anayemtegemea mwenzake kwa makazi. Mizani ya Uruguay imeinama kwa sababu nyumba ya kulelea iko mikononi mwa upande mmoja tu.

Halafu Namibia hiyo hiyo kuna mdogo aitwaye Carparachne aureoflava, ambaye nyigu akimfukua na kumtoa nje anakunja miguu na kujibingirisha mteremkoni kama gurudumu, zaidi ya mizunguko 40 kwa sekunde. Hana uhusiano mkubwa na hoja yangu. Nimeshindwa tu kumwacha.

Turudi Uruguay, maana kuna tatizo. Buibui anayehitaji mchanga mtupu anataka mchanga ubaki mtupu. Kwa miongo mingi pwani ile imepandwa misonobari na miakasia ya kigeni ili kuzuia mchanga usihame, na nyumba za likizo zikafuata nyuma ya miti. Kwa mwenye nyumba, kilima kisichotembea ni baraka. Kwa Allocosa ni mwisho: mizizi inajaa chini, majani yanafunika juu, na kivuli kinabadilisha kila kitu. Mwaka 2013 lilichapishwa andiko likipendekeza buibui huyu atumike kama kipimo cha afya ya vilima vya mchanga vya Uruguay. Kwa maneno mepesi, ukitaka kujua kama kilima bado ni kilima, hesabu macho yake usiku. Nakubaliana nao. Ni kipimo cha bei rahisi, kinahitaji tochi na mtu asiyesinzia.

Kwetu mti wa kazi hiyo ni mvinje. Sina ugomvi nao, nimekulia chini ya kivuli chake, na mahali bahari inapokula barabara sina la kusema. Ninachopinga ni ile tabia ya kuuita mchanga mtupu "eneo lisilotumika" kwenye mchoro wa mradi kabla hajatumwa mtu hata mmoja kulitazama gizani.

Wanaoniuliza waanzie wapi: subirini usiku usio na mbalamwezi, baada ya saa mbili, mchanga ukishapoa. Msiishike tochi mkononi, hamtaona kitu, iwe pembeni ya jicho. Tembeeni polepole kwenye mchanga wenye majani machache, nyuma ya mstari wa maji kujaa. Kitone cha kijani kikiwaka, msikikimbilie. Inameni, mkifuate kwa hatua fupi bila kuhamisha mwanga, mpaka mwone miguu. Shangazi alienda na mjukuu wake na tochi ya simu aliyoibandika kipajini kwa ushungi. Alinipigia saa nne usiku kunieleza kwamba amehesabu 11, kwamba mmoja ameingia shimoni mbele ya macho yake, na kwamba sasa anataka kujua yule alikuwa mume au mke.