911 Marekani si ya Washington jamani

Hii stori imekaa miaka mingi, eti 911, ile namba ya kuomba msaada wa dharura Marekani, ni laini moja ya serikali kuu na ile hela wanayokata kwenye bili ya simu inaenda Washington. Hapana. Ukipiga 911 anapokea mtu wa kaunti au mji wako, na vituo vya hivyo viko zaidi ya 5,000 nchi nzima, kila kimoja na bosi wake. Kule juu FCC, tume ya serikali kuu inayosimamia mawasiliano, wanabana makampuni ya simu yapitishe kolu, basi, hawaajiri mpokea simu hata mmoja.

Chukua bili yako usome huku chini kwenye makato. New Jersey utakuta senti 90 kwa mwezi, Texas senti 50, manake kila jimbo linajipangia. Na hapo ndo penye utamu, maana si lazima hela yote iishie 911. Tangu sheria ya 2008 FCC wanapeleka ripoti Congress kila mwaka kusema nani kachepusha, na New York na New Jersey wametajwa humo mara kibao, hela imeingia matumizi mengine ya jimbo (halafu tunalaumu Washington).