Dirisha Likiwa Jeupe, Iache Kadi ya Grafiki

Jamani naomba tuelewane, maana hii nimeshaieleza kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka basi: programu yako ikifungua dirisha likabaki jeupe tupu, au kitufe kikabonyea na hakirudi, usikimbilie kusema kadi ya grafiki imekufa. Juzi tena dogo mmoja anayeandika programu ya mauzo kwa duka la vipodozi pale Kariakoo kanipigia, eti kaka nimeshamwambia mteja atafute kompyuta nyingine, hii grafiki imekwisha. Mwenye duka anatoa hela yake kwa tatizo lililoko kwenye mistari ya dogo! Nikamuuliza, Excel na kivinjari kwenye mashine hiyo hiyo vinaonekana vizuri? Vinaonekana. Basi kadi nzima hiyo, tuangalie msimbo.

Dirisha halijichori lenyewe. Mfumo unaweka meseji kwenye foleni kwamba dirisha linahitaji kuchorwa, na thredi (mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu) iliyofungua hilo dirisha ndiyo inatakiwa kuichukua hiyo meseji na kuchora, thredi hiyo hiyo ndiyo inapokea mausi na kibodi. Sasa wewe ndani ya kitufe cha risiti umeandika msimbo unaokwenda mpaka kwenye serva na kukaa hapo unasubiri jibu, intaneti ya simu siku hiyo imelegea, nani achore? Hayupo. Kwenye Windows zikipita sekunde 5 dirisha halichukui meseji, mtu akijaribu kulibonyeza mfumo wenyewe unalificha na kuweka nakala yake iliyopauka, juu wanaandika kwamba programu haijibu. Yaani huo weupe umechorwa na Windows, kwa kutumia kadi ile ile unayotaka itupwe.

Sasa tuje kwenye kinachonikera kuliko vyote, repaint(), amri ya Java ya kuchora upya. Watu wanaimwaga kila mahali wakiamini kwamba ukiiita dirisha linachorwa hapo hapo. Halichorwi. repaint() ni ombi, inasema tu sehemu hii imechakaa, ukipata nafasi ichore, halafu inarudi mara moja na mstari unaofuata unaendelea. InvalidateRect ya Windows ndivyo ilivyo pia, tena WM_PAINT, yaani ile meseji ya kuchora, inatolewa pale foleni ikiwa haina meseji nyingine za kushughulikia, na maombi yakirundikana yanaunganishwa kuwa moja. Chukulia duka lenye muuzaji mmoja, umemtuma stoo, halafu unamwachia vikaratasi mezani vya kumwambia apange kabati, weka kimoja au weka ishirini, atavisoma akirudi na kabati atalipanga mara moja. Ndio maana ukiandika lebo.setText("Inatuma..."), chini yake repaint(), chini yake ukaita serva, hayo maneno huyaoni mpaka serva ijibu, na ikijibu umeshaweka "Imekamilika", kwa hiyo huyaoni kabisa. Mtu akikosa kuyaona anaongeza repaint() ya pili, haisaidii kitu!

Wajanja wao wanapita njia ya pili, kwenye Tkinter, maktaba ya madirisha ya Python, wanaita root.update() katikati ya kazi, wa VB (Visual Basic) wanaita DoEvents. Hiyo kweli inachora, na ndio ubaya wake, maana haichori tu, inaruhusu meseji zote ziingie pamoja na mibonyezo ya mausi, kwa hiyo muuzaji akiona kimya anabonyeza tena kitufe cha kuuza, kazi ya pili inaanza ndani ya ile ya kwanza ambayo haijaisha, na mauzo yanaingia mara mbili kwenye hesabu. Mwenye duka anakuja kugundua jioni anafunga mahesabu, na anayelaumiwa ni yule binti wa kaunta. Hili naomba mlichukulie kwa uzito. Peleka kazi ndefu kwenye thredi nyingine, zima kitufe mpaka imalizike, jibu likija lirudishe kwenye thredi ya dirisha: Java kuna SwingWorker ya Swing (maktaba yake ya madirisha), done() yake inaendeshwa kwenye thredi sahihi, Tkinter weka majibu kwenye queue (foleni) halafu yachukue kwa after, inayoendeshwa kwenye thredi ya dirisha. Na usiguse jedwali la Swing kutoka thredi ya pembeni, utapata mistari nusu iliyochorwa, leo inatokea kesho haitokei, halafu utarudi kulaumu kadi.

Kujua imekwama wapi hakuhitaji ubashiri. Dirisha likiwa limeganda fungua terminali, endesha jstack (zana ya Java inayoonyesha kila thredi iko wapi) na namba ya prosesi, tafuta AWT-EventQueue-0, ndiyo thredi ya dirisha, usome inafanya nini. Ukikuta inasubiri soketi, yaani mtandao, umemaliza. Python kuna py-spy dump inayofanya hivyo hivyo, Visual Studio simamisha programu na uangalie thredi kuu. Dakika moja hiyo.

Vitabu vinasema kila kazi ndefu itoke kwenye thredi ya dirisha, sawa, ndefu ni kiasi gani? Skrini ya Hz 60 inakupa kama milisekunde 16.7 kwa fremu, lakini fomu ya mauzo sio gemu, mtu anaanza kuhisi uzito kuanzia kama milisekunde 100. Mimi usomaji mdogo wa SQLite (hifadhidata inayokaa kwenye faili) nauacha kwenye thredi ya dirisha, msimbo unabaki mwepesi kusomeka. Ila kwenye mashine ya diski ya zamani yenye antivairasi inayokagua kila faili, usomaji huo huo unaweza kuzidi mpaka huo, na sijapata kanuni ninayoweza kuiapia.

Na ndiyo, kuna siku ni draiva kweli, programu inayoendesha kadi. Java unajaribu kuwasha na -Dsun.java2d.d3d=false, inayozima uchoraji wa Direct3D unaopitia kadi, uchafu wa kwenye skrini ukiondoka unaanza kuishuku draiva. Naishuku tu, maana ukizima hiyo kitu kasi ya uchoraji inabadilika, na kosa la thredi linaweza kujificha kwa sababu muda umebadilika, kwa hiyo jibu la jaribio hilo peke yake silipokei.

Mengine haraka. Dirisha linapepesa ukilivuta: mandhari inafutwa kwanza ndipo unachora, chora kwenye bafa (picha ya kumbukumbu) ya pembeni kisha hamisha mara moja. Michoro inapotea ukikunja dirisha: umechora kwa getGraphics(), hamishia kwenye paintComponent. OpenGL (mfumo wa kuchora kwa kadi) kwenye skrini ya Retina, ile ya Mac yenye pikseli nyingi, imejaa robo ya chini kushoto tu: umempa glViewport ukubwa wa dirisha badala ya ukubwa wa fremubafa, yaani pikseli halisi. OpenGL nzito ajabu: soma GL_RENDERER, jina la kinachochora, ukikuta GDI Generic au llvmpipe kadi haitumiki kabisa.

Maandishi yenye ukungu kwenye laptop mpya nayo watu wanasema skrini feki. Skrini iliyokuzwa 150% ni DPI (nukta kwa inchi) 144, programu yako haijasema inaelewa DPI, kwa hiyo inachorwa kwa 96 halafu Windows inaivuta kama picha. Kwenye Tkinter ita SetProcessDpiAwareness(1) ya shcore, maktaba ya Windows, kabla hujafungua dirisha la kwanza, ukichelewa haifanyi kazi. Swing ya Java 8 ina shida ya upande mwingine, kila kitu kinakuwa kidogo mno, hapo hamia Java 9 kwenda juu, halafu pitia kila sehemu uliyoandika upana wa vitufe kwa pikseli, maana maneno ya Kiswahili ni marefu na yatakatwa kwanza.