Kuvua paa gumu la Jeep Wrangler na pa kuliweka

Ikifika Novemba na joto la Maskati likapungua, wenye Jeep Wrangler huanza kuvua mapaa, tayari kwa mchanga wa jangwa la Sharqiya, hapa Oman. Kuvua kwenyewe si kazi kubwa. Mapaa mengi ninayoletewa yameharibikia nyumbani kwa mwenyewe, yakiwa yameegeshwa tu.

Anza na vipande viwili vya mbele, cha kushoto kwanza. Halafu paa la nyuma. JK, yaani toleo la Wrangler la 2007 hadi 2018, bolti zake za nyota zinataka biti ya T40. JL iliyofuata inataka T50. Usilazimishe biti inayocheza, itakula kichwa cha bolti.

Kabla ya kunyanyua, ingia kona ya nyuma kushoto. Kuna soketi ya waya za waipa na za kupasha kioo joto, na kuna kimpira chembamba cha maji ya waipa. Chomoa vyote viwili. Soketi watu huikumbuka. Kimpira ndicho husahaulika, na paa likipanda kinakatika. Fungua milango, weka watu wanne, mmoja kila kona, kama kitabu cha gari kinavyosema. Najua wapo wanaojisifu kuvua wawili. Rangi za magari yao nimezipiga msasa mimi.

Sasa pa kuliweka. Uzito wote ukae kwenye ukingo wa chini, juu ya sponji nene au godoro kuukuu, kama linavyokaa garini. Usiliegemeze ukutani kwa upande, maana uzito utaangukia vioo. Ukitaka kulitundika kwa puli, mikanda ipite chini ya ukingo, wala isipite madirishani, na ndoano zishike kwenye zege. Dari la jipsamu ni pambo tu, halibebi kitu. Nyumba yenye kivuli cha gari bila gereji, mimi hupendekeza toroli la magurudumu: unalisukuma hadi stoo na hakuna kinachoning'inia juu ya vichwa vya watoto.

Lifute chumvi na vumbi, likauke kabisa, kisha lifunike kwa shuka la pamba. Turubai la nailoni katika unyevu wa pwani hii hufungia jasho ndani, na kitambaa cha ndani kikaota ukungu. Raba za kuzuia maji kwenye kingo za paa zipake grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida ya mafuta huzivimbisha. Bolti zitie mfukoni, mfuko ufunge kwenye paa lenyewe.

Siku ya kurudisha, shika bolti zote kwa mkono kwanza, mzunguko mmoja mmoja, ndipo ukaze kwa zamu. Ukikaza moja hadi mwisho, paa linavutwa upande na za pili hazioni matundu yao. Kisha mwagia maji kwa mpira wa bustani ukiwa na mtu ndani anayeangalia kunakovuja.